Uyoga wa Huko Huko

Ile miaka ya ruksa, kila kitu Songea kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, soda ya kopo ruksa, kufungua duka la misumari na sabuni kwenye baraza la nyumba yako ruksa. Waliokuwa wakificha gunia la sukari chini ya kitanda, sasa waliliweka mlangoni na kulikalia. Mtaa wetu wote wa Msamala alibaki mtu mmoja tu wa kusema si ruksa, naye alikuwa jirani yangu, bibi mfupi, mweusi tii, mwenye sauti iliyotosha mkutano wa hadhara bila kipaza sauti.

Tulimwita Bibi wa Uyoga. Majina alikuwa nayo, la ubatizo na la nyumbani, lakini hata katekista akisoma wagonjwa wa kuombewa alisema "Bibi wa Uyoga" na kanisa zima likaelewa. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mashine yangu ilikaa barazani, na njia ya kwenda mlimani inapita mbele ya baraza hilo, kwa hiyo Bibi hakupanda wala kushuka bila mimi kumwona, isipokuwa siku alizoamua nisimwone. Siku hizo zilikuwa nyingi, hasa mvua za kwanza zikishanyesha.

Mtu asiyekulia kwa wachuma uyoga ataona tulikuwa wachawi. Kwetu kila mwanamke ana mahali pake mlimani. Ameonyeshwa na mama yake au mama mkwe, na yeye ataonyesha mmoja tu atakayemrithi. Mahali hapo hapaulizwi. Ukiuliza, utajibiwa "huko huko," na ukiwa na adabu utaishia hapo. Mwenye jibu hajakutukana, na wewe hujatukanwa. Bibi alikuwa bingwa wa huko huko. Ukimkuta ametoka na kikapu kimejaa hadi kinamwagika, ukasema, "Shikamoo Bibi, leo umebarikiwa," atakujibu, "Marahaba mwanangu. Wapi! Nimepata viwili vitatu huko huko." Huku kikapu kinamwinamisha shingo.

Na hakuridhika na kukataa kusema, alipenda kupoteza watu kabisa. Alitoka na jembe begani kana kwamba anaenda shamba la bondeni, akazunguka nyuma ya shule, akapandia upande mwingine. Asubuhi moja ya Jumapili nilimwona amevaa gauni la kanisani nililomshonea mwenyewe, na jembe mkononi.

"Bibi, kanisani na jembe?"

"Nalipeleka libarikiwe."

"Na kikapu?"

"Kikapu ni Mkristo vilevile, fundi. Shona nguo za watu."

Lakini jambo hili lilimsumbua rohoni, kwa sababu alikuwa Mkatoliki wa kweli, rozari shingoni, sala za jumuiya hakosi. Akaenda kumuuliza padri kama uongo wa uyoga ni dhambi. Yule padri alikuwa anapenda uyoga wa karanga kupita kiasi, na Bibi ndiye aliyekuwa akimpelekea. Akafikiri sana, akasema uongo ni uongo, ila kuna mambo ambayo mtu halazimiki kuyatangaza. Bibi akarudi kifua mbele, akatutangazia wote kwamba Kanisa limemruhusu. Ndivyo alivyokuwa, ukimpa shubiri anarudi na pima.

Majivuno? Jamani! Alisema hakuna uyoga uliozaliwa usiomjua. Aliutambua kwa kunusa, kwa kuupasua, kwa kuuangalia chini ya kofia yake, kwa kuangalia umeota karibu na mti gani. Alisema ukipiga mluzi mlimani uyoga unajificha, na mimi mpaka leo sijui kama ni kweli, lakini sijapiga mluzi. Basi mwaka mmoja jumuiya yetu ilisali nyumbani kwake, akatupikia uyoga sufuria zima, tukala tukaramba vidole. Kabla hatujafika kwenye wimbo wa mwisho, Mwenyekiti wa jumuiya aliinuka ghafla akatoka. Akafuata katibu. Halafu tukatoka wote, na choo kilikuwa kimoja. Wengine tulikimbilia kwenye mihogo ya jirani, wanaume kwa wanawake, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kesho yake Bibi alipita nyumba kwa nyumba kutupa pole, na kila nyumba alisema kosa lilikuwa la kabichi.

"Bibi, hatukula kabichi."

"Ndiyo maana. Tumbo lilikuwa linaisubiri."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Wachoma mkaa aliwachukia kwa moyo wote. Aliwahi kumfukuza kijana wa watu kutoka mlimani mpaka barabara ya lami, fimbo mkononi, akimwita muuaji wa miti, akimtajia na ukoo wake. Lakini jikoni kwake palikuwa na jiko la mkaa linawaka asubuhi na jioni. Nilipomwambia, alikasirika. "Huu mkaa wa Madaba," akasema. "Wa Madaba haunihusu." Madaba ni kwa dada yake, na nadhani kama dada yake angeyasikia maneno hayo wangeshikana mashungi.

Na ni huko Madaba alikojifunza kuogopa maswali ya wageni. Dada yake alikuwa anajua mti mmoja, magome yake dawa ya tumbo la watoto. Wakaja wageni, wakasalimia vizuri, wakakaa, wakauliza kwa heshima zote. Dada akawapeleka, akawaonyesha, wakapiga picha, wakashukuru wakaondoka. Msimu uliofuata likaja lori na watu wengine kabisa wenye mapanga, miti yote ya upande ule ikabanduliwa magome ikakauka imesimama. "Wale wageni wa kwanza hawakuwa wabaya," Bibi alikuwa akiniambia, na hapo sauti yake ilishuka. "Waliuliza vizuri kabisa. Dada yangu mpaka leo akiuguliwa na mjukuu anakwenda dukani kununua vidonge." Aliisimulia habari hiyo mara nyingi, na sikumsikia hata mara moja akiitia utani.

Sasa, kwenye ile ruksa ya kila kitu, miradi nayo ikawa ruksa. Ukaja mmoja wa kuhifadhi mlima wetu. Walikuja na Landrova nyeupe na karatasi kubwa za kubandika ukutani, tukaitwa ofisi ya kata. Bwana Mradi alikuwa mtu mpole, mnene, anatoka jasho sana. Akatueleza kwamba mlima ndio chanzo cha maji, miti inakwisha, na kila mtu akatikisa kichwa maana ilikuwa kweli. Halafu akasema wataanza na sehemu zinazoota uyoga. Zitatafutwa, zitawekewa mawe ya mipaka, zitafungwa zipumzike. Mtu akiingia bila kibali atashitakiwa.

Nikaona wanawake wanaangaliana. Uyoga kwetu haukuwa wa kubadilisha mboga tu. Kuna miezi ghala limebaki vumbi na mahindi shambani bado mabichi, na miezi hiyo ndiyo ya uyoga. Nyumba nyingi za Msamala zilivuka hapo kwa kikapu cha mama, akila yeye na watoto, na kinachobaki akikiuza njia panda. Mlima ukifungwa, tungekula nini?

Bibi akasimama. "Baba, nauliza. Mmeshaamua, au mnatuuliza?"

"Tunawashirikisha, Bibi. Maoni yenu yatachukuliwa."

"Yachukuliwe yapelekwe wapi?"

Watu wakacheka, Bwana Mradi naye akacheka, akajifuta jasho, akaendelea na karatasi iliyofuata. Bibi akabaki amesimama peke yake muda mrefu, akisubiri jibu, mpaka nikamvuta kanga akae. Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Mimi ndiye niliyeogopa, kwa sababu Bibi akinyamaza kuna jambo linapikwa.

Mradi ulimleta mtafiti wa kuzitafuta hizo sehemu, binti wa chuo kikuu, mwembamba, mwenyeji wa kaskazini. Kwa bahati mbaya alikuwa na adabu. Alipiga goti kusalimia, alikula alichopewa, alimwamkia kila mzee shikamoo mara mbili, wakati wa kufika na wakati wa kuondoka. Bibi alimpokea, na kwa kuwa mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, siku ya tatu alimpa jembe kwelikweli, wakapalilia maharage pamoja hadi jua kali. Binti alichubuka viganja na hakulalamika. Jioni Bibi alikuja barazani kwangu amenuna.

"Fundi, yule mtoto nampenda."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni huo huo! Angekuwa na kiburi ningemdanganya bila kuumwa roho. Mahali nitakapomwonyesha ndipo watakapofunga. Nikimwonyesha pa kweli, nimewafungia wanangu mlango kwa mkono wangu."

"Mwambie hapana."

"Nani anaiambia Landrova hapana?"

Basi akafanya alilofanya. Chini ya mlima kulikuwa na uwanja wa zamani wa matofali. Miti yote ya pale ilikwishia kwenye matanuri, imebaki visiki na udongo mwekundu, hata mbuzi walipita bila kusimama. Bibi alikwenda sokoni akanunua uyoga. Yeye! Kununua uyoga! Tena kwa mama mmoja aliyekuwa adui yake wa miaka yote, ambaye alimwuliza kwa furaha, "Vipi mwenzangu, mlima umekukataa?" Bibi akalipa akaondoka. Alfajiri akashuka kwenye uwanja wa matofali na kisu, akauchomeka ule uyoga ardhini mmoja mmoja.

Kulipokucha akanipitia. "Twende wote. Kazi yako ni moja. Nikikuuliza, sema 'ndiyo, hapa hapa.'"

Tukaenda na binti mtafiti, na Bwana Mradi akaja mwenyewe kwa kuwa ilikuwa siku kubwa. Tulipofika nikataka ardhi inimeze. Yule mwanamke maisha yake yote alikuwa amepanda maharage na mahindi, na mkono wake haukujua namna nyingine ya kutia kitu ardhini. Uyoga ulikuwa umesimama kwa mistari. Mstari na mstari, nafasi sawasawa, kama alivyofundishwa na bwana shamba. Mwishoni mwa kila mstari alikuwa amechomeka kijiti.

Bwana Mradi alishika kiuno. "Ajabu! Unaota kwa mistari!"

"Ni aina ya hapa," Bibi akasema. "Tangu mababu. Si ndiyo, fundi?"

"Ndiyo, hapa hapa," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba.

Binti mtafiti aliutazama mstari wa kwanza. Akautazama wa pili. Akainama akaugusa uyoga mmoja nao ukaanguka chali, hauna mzizi wala udongo. Akamtazama Bibi, akanitazama mimi. Kisha akausimamisha tena taratibu, akasema, "Asante sana, Bibi," akaanza kuandika. Kama alijua, hakusema siku hiyo wala siku nyingine.

Basi uwanja wa matofali ukafungwa kwa heshima zote. Mawe ya mipaka yakapakwa chokaa, bango likasimikwa, USIINGIE BILA KIBALI, na mlinzi akaletwa, kijana wa Nakapanya huko Tunduru, Mwislamu mwema ambaye kwao walilima korosho na hajawahi kuchuma uyoga. Alilinda vile visiki usiku na mchana. Siku moja alimsimamisha Bibi njiani.

"Shikamoo Bibi. Samahani, wallahi nauliza tu. Mimi hapa nalinda nini hasa?"

"Marahaba mwanangu. Linda tu. Riziki ya Mungu haichunguzwi."

"Alhamdulillahi," akasema kijana, akarudi kwenye visiki vyake.

Mlima wenyewe wakatuachia. Walikuwa wameshapata sehemu ya kuonyesha wakubwa wao, wakaridhika. Wanawake waliendelea kupanda na vikapu, na Bibi ndiye aliyekuwa askari wa huko juu, anagombeza wanaovunja matawi, anafukuza wa mkaa, anakataza kuchuma uyoga mchanga usiofungua kofia. Ukikamatwa na Bibi ulitamani ungekamatwa na polisi. Baadaye mradi ukaisha, Landrova ikaondoka, na Bwana Mradi akatuaga kwa hotuba. Mlinzi akabaki kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Alioa hapa hapa, akajenga karibu na bango.

Mvua zikaja na kupita. Vile visiki, kwa kuwa hakuna aliyevikata wala kuvichoma moto, vikatoa machipukizi, machipukizi yakawa miti. Masuku, yale matunda ya porini, yakaanza kudondoka pale. Na mwaka mmoja, baada ya mvua za kwanza, mlinzi akaja mbio barazani kwangu ambako Bibi alikuwa amekaa.

"Bibi! Uyoga umeota!"

"Wapi?"

"Pale pale ulipowaonyesha!"

Sijapata kumwona mtu akikasirishwa na habari njema namna ile. Alikwenda na fimbo yake, nami nyuma. Kweli, umeota, chini ya miti, mnene, mweupe, umetapakaa ovyo kama Mungu anavyopanda. Bibi akaweka kikapu chini ili achume. Mlinzi akakohoa.

"Samahani Bibi. Si ruksa."

"Ala! Unaniambia mimi?"

"Bango linasema kibali. Tena ni wewe mwenyewe uliyesema nilinde."

Niliangua kicheko mpaka nikajishika kwenye mti. Bibi alinitukana, akamtukana mlinzi, akalitukana bango, kisha akachoka akakaa juu ya jiwe la mpaka. Alikaa akiitazama ile miti. "Kumbe ukipaacha mahali panapona," akasema. "Wale watu hawakukosea kulinda. Walikosea kutotuuliza tulinde nini." Kesho yake kijiweni alisimulia kwamba alijua tangu mwanzo uyoga utaota pale, na ndiyo maana alipachagua.

Miaka ikapita, simu za mkononi zikafika Songea, watu wakapanda kichuguu kutafuta mtandao. Bibi hakupanda tena kitu chochote. Miguu ilivimba. Mahali pake alikwisha kumwonyesha mjukuu, na mchana aliletwa barazani kwangu kuota jua na kunikosoa mishono. Ndipo yule binti mtafiti aliporudi. Alikuwa mama mtu mzima sasa, amejaza mwili, ana miwani. Alipiga goti vilevile.

Akasema serikali inataka kuupangia mlima upya, mzima. Kabla hajaandika lolote amekuja kuuliza kama wanawake watakubali kutembea naye, wamweleze wanavyoutunza na wanakochuma. "Mkikubali, nitakachoandika nitakuja kuwasomea, mniambie kipi kibaki na kipi kifutwe. Mkikataa, siandiki."

Bibi akasema atajibiwa kesho. Alipoondoka tu, aliniita karibu, macho yanawaka kama zamani. Alishatunga uongo mpya. Alijua mgeni apelekwe bonde gani, nani aseme nini, wazee gani waitwe washuhudie. Alinifundisha na mimi maneno yangu, nikayarudia hadi akaridhika. Sikuwa nimemwona na nguvu vile kwa muda mrefu, na nilifurahi kwa ajili yake.

Kesho yake baraza lilijaa wanawake. Walizungumza Kingoni, kwa zamu, bila haraka, na mgeni akasubiri pembeni chini ya paa la jirani. Waliokuwa na watoto walisema, na mjukuu wa Bibi alisema. Bibi alisikiliza tu, akijua kwamba lolote litakalosemwa, kazi itaanza baadaye. Mwishowe mjukuu wake ndiye aliyesimama kumjibu mgeni.

"Tumesema hapana, mama. Namna tunavyoutunza mlima tutakueleza ukitaka, hilo hatuna kinyongo. Lakini tunakochuma hatuonyeshi."

"Sawa," mgeni akasema.

Akafunga kalamu yake.

Bibi akajiinua kwenye kiti. "Sawa nini?"

"Sawa, Bibi. Nitaandika kwamba niliwauliza, mkakataa. Na wale wanaopanga nitawaambia mahali hapo pana wenyewe."

"Halafu?"

"Basi."

"Hurudi kesho na Landrova?"

"Sirudi na Landrova, Bibi. Nikirudi narudi kukusalimia."

Bibi alinitazama mimi, kana kwamba nimeficha kitu. Akatazama wanawake. Midomo ilikuwa inamcheza, na nikadhani anatafuta tusi. Kumbe alikuwa analia. Yule bibi aliyefukuza watu kwa fimbo mpaka lami, analia barazani kwangu mchana kweupe, huku anacheka.

"Fundi," akasema, "mimi nilijiandaa kudanganya mpaka jioni."

Wanawake wakacheka, wengine wakaenda kupika, kwa sababu mgeni hawezi kuondoka na njaa hata kama amenyimwa. Nikabaki naye. Alijifuta kwa ncha ya kanga, akanivuta mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kwake.

"Yaani miaka yote ile, kumbe tungesema hapana tu, ingetosha?"

Nilishika kazi yangu nikashona. Isingetosha, na yeye alijua, kwa sababu miaka yote ile hakuna aliyekuwa ametuuliza.